Kadi Iliyolala na Rozari

Miaka haina desturi ya kubisha hodi. Iliingia katika nyumba ya Déogratias Mushagalusa, iliyo juu kidogo ya soko la Nyawera hapa Bukavu, jinsi ukungu wa ziwa unavyoingia mitaani mwetu asubuhi: polepole, bila kelele, na mtu hutambua kuwa umefika pale tu anapoukosa mlima uliokuwa mbele yake. Mabati yalipigwa rangi, yakapauka, yakapigwa tena. Watoto walizaliwa, wakabatizwa, wakaoa na kuolewa, wakatawanyika. Na yule kijana mwembamba aliyeifunga kola yake kwa pini kwa sababu kifungo kilikuwa kimepotea akawa mzee mwenye fimbo, ambaye mtaa mzima humwita Papa Préfet.

Jina hilo alilipata kazini. Kwa muda mrefu alikuwa msimamizi wa nidhamu katika shule moja ya sekondari ya wavulana. Alijua Kilatini cha misa ya zamani, alijua Kifaransa cha vitabuni, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama suruali iliyopigwa pasi. Lakini kilichomtambulisha hasa ni funguo zake. Kila jioni alikusanya karatasi za mitihani, chaki, na hata kengele ya shule, akavifungia vyote kabatini, kwa kuwa aliamini kwamba kitu kisichofungiwa kimekwisha kuibwa, ila mwizi wake hajapata nafasi ya kupita. Siku moja malaria ilimwangusha kitandani, na funguo zikaugua pamoja naye. Kengele haikulia. Inasimuliwa kwamba darasa la tano liliendelea na somo la hesabu mpaka jua likakaribia kuzama, na kwamba wengine kati ya vijana wale mpaka leo hawawezi kuona pembetatu bila kusikia njaa.

Kisha akastaafu. Mtu aliyeishi kwa kuchungulia madirisha ya watu, ukimpa kiti cha kupumzikia, umempa adhabu. Mkewe, Maman Emérence, alimvumilia mwaka mzima akikagua masufuria. Hatimaye kitinda mimba wao Chris, aliyeko Lubumbashi, akawahurumia wote wawili, akamtumia babaye zawadi: kamera ndogo nyeupe ya kulinda nyumba, yenye jicho moja la mviringo na taa ya bluu.

Kamera hiyo ilifungwa juu ya mlango wa baraza na Parfait, fundi wa simu mwenye kibanda pale Nyawera, kijana ambaye hajawahi kukutana na kitu asichokijua. Mwisho wa kazi alichomeka chini ya jicho lile kadi nyembamba, ndogo kama ukucha.

"Hii karte ndiyo bongo yake," alisema. "Bila hii, iko naona tu. Haiwezi kumbuka kitu."

"Na mwizi akiichomoa kadi hiyo?" Papa Préfet aliuliza.

"Basi amebeba bongo, papa."

Parfait alikwenda zake akidhani amejibu swali. Hakujua ameanzisha taratibu. Jioni ileile Papa Préfet alipanda juu ya kiti, Maman Emérence akiishika miguu ya kiti hicho, akaichomoa kadi, akaifunga katika leso safi, akaiweka ndani ya kisanduku cha mbao zinamokaa rozari za familia, akakifunga kwa ufunguo. Asubuhi, baada ya sala na chai, akaichomeka tena. Akafanya hivyo kesho yake, na siku zote zilizofuata, mvua inyeshe au jua liwake. Kama zamani alivyokusanya karatasi za mitihani, ndivyo alivyokusanya sasa kumbukumbu ya kamera, wezi wasije wakaifanyia udanganyifu.

Wala msomaji asifikiri kwamba hakulitafakari jambo hilo. Alilitafakari sana. Usiku taa ya bluu ilizidi kuwaka, na baraza lilionekana vizuri katika simu yake; basi akahitimisha kwamba kamera, kama mwanafunzi mwema, huyashika kichwani mambo ya usiku, na asubuhi, ikipewa karatasi, huyaandika yote. Ni kweli kwamba kila jioni, mara tu kadi ilipotoka, simu ililia na kuonyesha maneno mekundu. Lakini maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo Papa Préfet hakuwahi kuihesabu miongoni mwa lugha za watu walioelimika. Aliyapangusa kwa kidole, kama mtu anayemfukuza inzi kwenye kikombe.

Sasa inafaa kulitaja shirika. Shirika, kwetu, ni jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao kila juma kusali na kusaidiana, na, sala ikiisha, kuelezana habari za wasiokuja. Katika mkutano wa kwanza baada ya kamera kufungwa, Papa Préfet alisimama, akakohoa kikohozi chake cha ukumbini, akatangaza:

"Ndugu zangu, tangu sasa baraza langu linaona na kukumbuka. Lina kumbukumbu kamili ya barabara yote, mpaka kwenye mtaro. Na yeyote atakayefika asinikute, asisumbuke kupiga kelele. Asimame chini ya kamera, aeleze haja yake kwa utulivu. Itamhifadhia neno lake."

Matokeo ya tangazo hilo yaliyapita mahubiri ya Kwaresima mbili. Papa Lucien, fundi seremala wa jirani, alikuja siku ya pili akiwa ameshika kofia.

"Préfet, ile takataka kwa mtaro," alisema, "kama kamera iliona mutu, ule mutu atakuwa alikuwa na haraka sana."

"Kamera haihukumu," Papa Préfet alijibu. "Inahifadhi."

"Basi ihifadhi pia kama nilirudia kuiokota."

Baada yake akaja mama mmoja kueleza kwa nini kuku wa jirani alionekana akiingia kwake na hakuonekana akitoka. Akaja bwana harusi mtarajiwa kuuliza kama kamera inaona mpaka kona ile yenye giza kidogo. Papa Préfet aliwapokea wote barazani, akawasikiliza huku macho ameyafumba nusu, akawaruhusu kwenda. Paroko alisikia habari hizo, akasema kwa mzaha kwamba kiti chake cha maungamo kimeanza kuota utando wa buibui.

Ukafika mwezi wa Oktoba, mwezi wa rozari. Mwezi huo shirika lile hutembeza sanamu ya Bikira Maria nyumba kwa nyumba. Kila familia hukaa nayo juma moja, kisha mama wa nyumba inayofuata huja alfajiri, kabla ya misa ya kwanza, kuichukua mwenyewe: huifunika kwa kitenge kipya na kuibeba mgongoni kama mtoto mchanga, kwa sababu watu wa mtaa ule wanaona si adabu kumbeba Mama kwapani kama kifurushi. Ilipofika kwa Papa Préfet, aliiweka barazani, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, chini ya jicho la kamera. Juma likapita. Zamu ilikuwa ya Maman Constance, mjane mzee wa nyumba ya chini, asiye na simu wala haja ya kuwa nayo.

"Itakaa hapa kidogo," Papa Préfet alimwambia mbele ya shirika. "Katika mtaa huu, ni hapa tu inapolindwa kwa njia ya kisasa."

"Mutoto wangu ule wa Kamanyola iko karibu kuzaa," Maman Constance alisema. "Na mimba iko muzito. Nilitaka Mama aende naye."

"Utamwombea ukiwa huko. Sala haina mbali."

Maman Constance hakubishana. Jumatano mchana aliwaaga watu wote, akashuka na kikapu chake kutafuta gari la Kamanyola. Na Alhamisi asubuhi Papa Préfet alipotoka na kadi yake mkononi, tayari kuichomeka, alikuta kitambaa cheupe na juu yake hakuna kitu.

Nyuma ya nyumba, katika chumba cha kupanga, aliishi Consolate, mjane kijana kutoka Luberizi, aliyeuza mchele wa bondeni pale sokoni. Kila siku alitoka kabla ya mapambazuko kuwahi magunia, na siku zote alipita barazani akiwa na mzigo. Watu hawakuhitaji zaidi. Kabla ya saa ya chakula, mtaa ulikuwa umekwisha kukumbuka kwamba alikuwa mkimya mno, kwamba kwao ni mbali, na kwamba mzigo wake wa Alhamisi ulikuwa na umbo.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Papa Préfet aliitazama taa ya bluu, akawatazama watu waliojaa uani, akasema:

"Kamera imeona. Jumapili, baada ya misa ya pili, nitawaonyesha hapa nyumbani kwangu. Aliyeichukua sanamu ana muda wa kuirudisha."

Alisema hivyo kwa nia safi, maana aliamini kwamba kamera imeyashika kichwani mambo ya usiku ule. Jioni akakaa na miwani yake, akaitafuta alfajiri ya Alhamisi ndani ya simu. Akakuta Jumatano jioni, kisha Alhamisi baada ya chai. Katikati hapakuwa na kitu. Akatafuta usiku mwingine: hapakuwa na kitu. Akatafuta hata mchana wa nyuma, na simu ikamletea tena maneno yale mekundu, na safari hii hayakupanguswa.

Ijumaa Consolate alikuja barazani akiwa na magunia mawili matupu aliyoyakunja. Hakukaa alipokaribishwa.

"Papa Préfet, batu banasema kamera yako iliniona."

"Kamera haitaji jina la mtu kabla ya siku yake."

"Basi initajie leo. Unionyeshe mi naiba. Sijajionaka namna ile, nataka nijue nilivaa nini."

Maman Emérence, aliyekuwa akichambua maharage mlangoni, aliacha kuchambua.

"Jumapili, binti yangu," Papa Préfet alisema, na sauti yake ya ukumbini haikutoka vizuri.

"Jumapili ni mbali. Bamaman ya shirika bananipita pale sokoni sawa vile mchele yangu inanuka. Leo sikuuza hata kopo moja. Kama banaendelea hivi mpaka Jumapili, mi narudi Luberizi, na kule watasema nilifukuzwa Bukavu juu niliiba Mama Maria." Aliyaweka magunia chini, kisha akayaokota tena. "Papa, wewe ni mutu wa kweli. Kama uliniona, sema. Kama hukuniona, sema pia."

Papa Préfet, mwenye majibu ya Kilatini kwa karibu kila jambo, aliingia ndani kutafuta leso ya kadi.

Jumamosi alishuka mwenyewe mpaka kibanda cha Parfait, kadi ikiwa ndani ya leso. Fundi aliichomeka katika kompyuta yake, akakunja uso, akatoa hukumu. Kwanza alisema kadi ni ya bandia. Kisha akasema kosa ni la umeme unaokatika ovyo. Kisha akasema kosa ni la Chris, kununua kitu bila kumwuliza Parfait. Kompyuta yenyewe ilisema jambo moja tu: kadi haisomeki, inaomba isafishwe yote na kuandaliwa upya.

"Tuisafishe, papa. Ni dakika tu."

"Usiisafishe. Kuna jina la mtu ndani yake."

Parfait alikuna kichwa. "Ulikuwa unaichomoa karte, kamera ikiwa inawaka?"

"Naichomoa jioni na kuirudisha asubuhi."

"Jioni gani?"

"Kila jioni. Nidhamu si ya siku moja."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Papa," alisema kwa upole usio wake, "ile ni kama kumukata mutu ulimi akiwa bado anasema. Na usiku, ilikuwa inaandika wapi?"

Hapo ndipo mwanafunzi mwema, yule wa kushika mambo kichwani, alipokufa katika mawazo ya Papa Préfet. Alikaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, kwa sababu hapakuwa na kiti.

Kwa programu fulani ya kufukua vilivyopotea, Parfait aliokoa kilichookoleka. Vipande vilikuwa vingi na vifupi. Kila kimoja kilianza kwa uso mkubwa wa mzee, pua na vinyweleo vyake, ukisogea karibu mpaka ukaziba kila kitu, na kila kimoja kiliisha kwa mkono wa mzee huyohuyo ukija kuzima dunia. Katikati palionekana vumbi, mbuzi mmoja, na mgongo wa mkaguzi wetu mwenyewe akipanda tena juu ya kiti. Katika majuma yote hayo kamera ilikuwa imemnasa mtu mmoja tu akiingiza mkono mahali pasipofaa.

"Sikiliza," Parfait alinong'ona. "Tunasema karte ilikufa. Batu banajua karte inakufaka. Heshima yako inabaki palepale."

"Na ya Consolate?"

Parfait aliinua mabega. "Ile si kazi ya fundi."

Papa Préfet alipanda kilima kwa miguu, akipita kati ya wabeba mizigo na vijana wa pikipiki waliomwita kwa heshima wakitaka kumpakia. Alipofika uani alimwona Consolate akifunga godoro lake kwa kamba. Aliingia ndani, akakaa mbele ya kisanduku cha rozari mpaka Maman Emérence akamletea chai, na chai ikapoa.

Jumapili sebule ilijaa mpaka mlangoni. Waliokuja kuona mwizi walikuwa wengi kuliko waliokuja misa. Consolate alisimama ukutani, magunia yake yakiwa nje yamekwisha kufungwa. Papa Préfet aliwasha televisheni, Parfait akaunganisha kompyuta, na watu wakauona uso. Ukaja, ukaondoka. Ukaja tena, mkubwa zaidi. Mtoto mmoja alicheka akanyamazishwa. Uso ukaja tena.

"Préfet," Papa Lucien aliuliza hatimaye, "mwizi iko wapi?"

Papa Préfet alisimama. Hakukohoa.

"Mwizi sijamwona. Kamera haikuona usiku wowote, kwa sababu kila jioni niliitoa kumbukumbu yake kwa mkono wangu, nikailaza na rozari. Niliwaambia imeona kabla sijatazama. Nilipotazama nikakuta hamna, nikanyamaza siku mbili, na katika siku hizo huyu binti amepoteza wateja na jina. Consolate, sikukuona. Hakuna aliyekuona. Nimekukosea mbele ya watu, nakuomba msamaha mbele ya haohao."

Papa Lucien alisogea mbele, naye alikuwa amekasirika kweli.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo ile ya takataka haikuiona?"

"Haikuiona."

"Nilikuja hapa mara mbili kuungama. Mara mbili, Préfet. Nikaokota mpaka ya watu wengine."

Mama wa kuku naye alianza kudai maneno yake arudishiwe. Kelele zilikuwa zimepanda vizuri pale mlango ulipofunguliwa, akaingia Maman Constance, vumbi la Kamanyola likiwa mpaka kwenye nyusi, amebeba mgongoni mtoto aliyefunikwa kitenge kipya. Alimfungua polepole, akamweka juu ya televisheni, juu kabisa ya pua ya Papa Préfet. Alikuwa Bikira Maria.

"Mutoto amezaa musichana," alisema akiketi. "Wote bazima. Mbona munaniangalia hivi?"

"Maman Constance," Papa Préfet alisema, "wewe uliondoka Jumatano."

"Gari iliharibika. Nililala kwangu, nikatoka Alhamisi asubuhi mapema. Nikasema, zamu ni yangu, nipite nimuchukue Mama yangu."

"Bila kuniambia?"

Mama mzee alimtazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Nilikuambia, papa. Nilifanya vile ulitufundisha. Nilisimama chini ya ile kitu, nikasalimia, nikaeleza yote: naenda Kamanyola, narudi Jumapili, umusalimie Maman Emérence. Ile taa iliniangalia mpaka mwisho. Haikukatala."

Wa kwanza kucheka alikuwa Consolate. Alicheka akiegemea ukuta, machozi yakimtoka, na hapakuwa na mtu aliyejua ni ya cheko peke yake au la. Mama wawili wa shirika walitoka nje kimyakimya, wakayainua magunia yake, wakayarudisha chumbani, na kila mmoja aliagiza mchele wa juma zima kwa sauti ya kusikika.

Siku hiyohiyo Parfait aliisafisha kadi, akaichomeka, na Papa Préfet akamkabidhi mkewe ufunguo wa kisanduku. Kadi haijatoka tena mahali pake. Jambo la kwanza ililopata kuhifadhi ni alfajiri ya Jumatatu. Consolate anaonekana akitoka na mzigo wake. Anasimama chini ya taa ya bluu, anauinua uso, anasema bila haraka:

"Papa Préfet, mi niko naenda soko. Huu muzigo ni mchele. Ukitaka, ushuke uhesabu."

Mpaka leo husema hivyo kila siku ya soko, na kila siku ya soko, baada ya sala na chai, Papa Préfet huvaa miwani, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha huinamisha kichwa kidogo mbele ya simu, kama mtu aliyepewa kitubio na anayeona kimemstahili.

Mwenyezi Mungu, asiyehitaji kadi ili akumbuke, na ambaye rehema yake hupenda kusahau, amjalie Déogratias uzee wa amani na macho ya kumwona kwanza aliyeko juu ya kiti. Amtunze Emérence, aliyekishika kiti hicho siku zote. Abariki mchele wa Consolate na nyumba ya wazazi wake huko Luberizi, amlee yule mtoto wa Kamanyola aliyezaliwa Mama akiwa karibu, amrudishe Chris salama kwa wazee wake, na awafunike wote waliozaliwa na watakaozaliwa katika ukoo wao, mchana na usiku pia. Amina.